Kalipa ya mtumba si dawa

Tunaambiwa kalipa ya breki ya nyuma ya gari la zamani ikikwama isifunguliwe: itupwe, ifungwe ya mtumba kutoka Japani, kwa kuwa kuikarabati ni kubahatisha. Kubahatisha gani kunazidi kufunga kalipa ambayo sili zake huenda zina umri sawa na za ile uliyotupa? Mpira hauheshimu bandari uliyopitia. Raba ya vumbi ikichanika, maji huingia na kutu hula pistoni, iwe Osaka au Kariakoo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni kwamba pistoni ikisharudishwa ndani hugoma tena. Kalipa nyingi za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake zina pistoni ya kurudishwa kwa kuzungusha. Mtu anaikandamiza kwa klempu, anaharibu skurubu iliyomo, kisha analaumu sili. Mwingine anapaka grisi ya kawaida, mpira unavimba, naye anashangaa. Hayo ni makosa ya mikono, si ya ukarabati. Ni kweli, pistoni yenye vishimo vya kutu haifai. Basi ibadilishwe pistoni. Na bodi ya kalipa ikiwa imeliwa vibaya, itupwe. Ila hilo hulijui mpaka ufungue, na kufungua ndiko wanakokataza.