AFYA YA JAMAA: Jibu Moja la Damu Halitoshi

Virusi vya homa ya ini aina ya B vina hila. Kila vizaanapo hunakili jeni zao pasipo kusahihisha makosa. Hivyo sura yao hubadilika mara kwa mara.

Badiliko moja mashuhuri, la nukta ya 1896, huvizuia kutengeneza protini iitwayo "e". Basi askari aelezwaye kwamba protini hiyo haimo katika damu yake huweza kudhani amepona, kumbe virusi vingali vikizaana na ini likiumia polepole. Mabadiliko mengine, ya nukta za 1762 na 1764, huambatana na hatari zaidi ya saratani ya ini.

Mgonjwa huweza kukaa miaka mingi asihisi lolote. Kwa hiyo asiiache kliniki. Apimwe wingi wa virusi na hali ya ini, na akiandikiwa dawa asizikatize pasipo shauri la daktari. Pombe aiepuke. Mkewe na watoto wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe. Nchini Uganda chanjo hii imo katika ratiba ya watoto wachanga tangu mwaka 2002; waliozaliwa kabla ya hapo wasijihesabu kuwa salama.