KISU CHA MFUKONI NI CHOMBO CHA KAZI, SIYO PAMBO

Ndugu wanachama,

Duka letu la ushirika linataka kuagiza visu vya kukunja. Jambo hilo ni jema na tunaliunga mkono. Kisu cha kukunja kinakaa mfukoni bila kumchoma mtu, na kazi ikitokea kipo: kukata kamba ya katani, kufungua mdomo wa gunia, kubebesha mche wa mwembe. Ugomvi wetu uko kwenye aina ya kisu. Wapo ndugu zetu wanaotaka viletwe vile vinavyong'aa, vyenye vyuma saba ndani yake: kijiko, uma, kizibuo, msumeno wa kuchezea na kadhalika. Eti vinauzika haraka. Sisi tunapinga, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mkulima anakata kwa chuma kimoja. Vile sita vingine anavibeba tu, na fedha amevilipia. Bei ndogo ikigawanywa kwa vyuma saba, kila kimoja kinapata kidogo: bapa jembamba, springi legelege, ribiti inaanza kucheza kabla msimu haujaisha. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Hapa itavunja na mfuko.

Pili, kisu legelege kinamkata mwenyewe. Ukikandamiza, bapa linarudi kwenye mpini, na vidole viko njiani. Mtu aliyekatika kidole wakati wa mavuno hachumi wala hafungi gunia. Nani atamlipa? Duka litakuwa limekwisha kula faida yake.

Tatu, kung'aa siyo makali. Chuma kisichoshika kutu kimetiwa kromi, angalau sehemu 10 na nusu katika kila 100. Kromi hiyo inazuia kutu, lakini makali yanataka chuma kigumu. Kipo cha namna hiyo kilicho kizuri, ila bei yake siyo ya duka letu. Kile cha rahisi huwa laini, unakinoa asubuhi na jioni makali yamelala. Chuma kigumu cha kawaida kinashika kutu ukikizembea, lakini kinanoleka upesi na makali yanakaa. Doa jeusi la embe au limau lisikutishe, halipunguzi kitu.

Mkitaka ushahidi upo. Kule Ufaransa mwaka 1890, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha kukunja chenye mpini wa mti na bapa moja. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya kuzungusha, ili bapa lisirudi likakata vidole. Mpaka leo kinanunuliwa. Kisu cha Okapi nacho kilianza Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Nacho ni mpini wa mti, bapa moja, na kufuli la kulizuia. Hatumsifu mkoloni, yeye alitaka fedha yetu. Lakini hata yeye alijua kwamba mtu wa shamba hadanganywi kwa kijiko.

Basi kamati ya duka ipime kisu mbele ya wanachama kabla ya kulipa. Kifungue, shika bapa upande wa mgongo, tikisa kulia na kushoto. Likicheza, rudisha. Gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ubao, vidole vikiwa mbali na njia yake. Likijikunja, kufuli hilo ni la uongo. Kikunje: ncha ikichomoza itatoboa mfuko na paja. Kisha kipitishe kwenye kinoo mara kumi, kata karatasi. Ikichanika badala ya kukatika, kataa.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kisu siyo tindo wala bisibisi. Usikitie motoni, wala usikinoe kwenye mashine mpaka bapa ligeuke buluu. Hapo ugumu umekwisha, na kinoo hakiwezi kuurudisha. Kata huku makali yakielekea mbali na mwili wako. Kikunje kabla hujaanza kutembea, na ukimpa mwenzio mpe kikiwa kimekunjwa. Kifute maji, tia tone la mafuta kwenye ribiti. Na usikiache butu. Kisu butu kinataka nguvu, na ukitumia nguvu ndipo kinapoteleza. Hata mche ukiubebesha kwa kisu butu, unaupondaponda na haushiki.

Tena kwenye kilabu cha pombe kisu kibaki nyumbani. Kule hakuna gunia la kufungua.

Wapo wanaotutolea methali: mtoto akililia wembe, mpe. Sisi tunawajibu kwamba mwanachama siyo mtoto, ni mwenye duka. Hela yake ndiyo iliyojenga rafu zile. Duka la mtu binafsi likileta vinavyong'aa, shauri yake. Letu lilianzishwa ili tusiuziwe takataka, sasa mbona tuanze kuuziana wenyewe?

Kwa hiyo, ndugu, mkutano wa wanachama ukiitwa tuje wengi, akina mama na vijana pia, maana nao wanakata. Tuseme kwa sauti moja: bapa moja, mpini wa mti, kufuli imara. Na kila kisu kikitoka dukani kiuzwe pamoja na kinoo chake.