WAWILI WA MBURAHATI NA KIJANA WETU WA LIZABONI



Ndugu zangu katika imani, kuna kijana wa Lizaboni, hapa hapa Songea, anapiga singeli kwenye harusi. Ramadhani iliyopita nilimsema kwenye mawaidha. Jina sikulitaja, lakini kila mtu alijua. Tangu siku ile hakukanyaga msikitini.

Juzi nikamfuata kwao. Akanipokea vizuri, akanionesha kwenye simu watu anaojifunza kwao: Sisso na Maiko. Ni vijana wa Dar es Salaam. Sisso ana studio Mburahati, na mwaka 2017 kazi za studio hiyo zilitolewa na lebo moja ya Kampala (jina lake siliandiki hapa, Kiganda chao na Kiswahili chetu havipatani!). Mwaka 2024 wawili hawa wakatoa albamu yao, Singeli Ya Maajabu. Mmoja kompyuta, mwenzake kinanda, midundo inapita 200 kwa dakika. Na singeli yenyewe imezaliwa uswahilini, Manzese na Tandale, watu wakikata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Leo inachezwa hadi Ulaya.

Asije mtu akasema shehe amehalalisha muziki. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezuia ala, Ibn Hazm akaona hapana ubaya, na mimi nipo na wale wengi. Vigodoro vya usiku kucha ndiyo kabisa, na hilo nilimwambia kijana mbele ya mama yake.

Lakini wallahi niliona haya. Wale wawili wanasikilizana, kazi imetoka chumbani uswahilini ikafika mbali. Sisi Allah ametuamrisha tusaidiane katika wema, na vijana wetu watatu walipoomba wapewe chumba cha kurekodia darsa na qaswida, tukawaambia wasubiri kikao. Huu mwaka wa pili. Halafu tunapanda mimbari kuuliza vijana wamekwenda wapi. Tumewaambia haramu, sawa, halali yao tumeiweka wapi?

Kijana akasema, "Shehe, kompyuta ninayo. Nileteeni hizo darsa niwasafishie sauti." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikija Ijumaa utanisema tena?"

Nikamwambia sitamsema. Mkimkuta safu ya mbele msimgeuzie shingo, aliyekosea adabu ni mimi. Na hicho kikao ni Jumapili hii baada ya Isha, wanakamati mje na ufunguo wa chumba.

Wabillahi tawfiiq.