Omena Si Chakula cha Shida

Kuna watu Homa Bay wanaofungua mkebe wa sadini wakijiona wameomoka, halafu ukiwawekea omena wanaziba pua. Ati inanuka. Ati ni chakula cha shida. Sadini ni samaki mdogo wa bahari ya mbali. Omena ni samaki mdogo wa hapa, aliyevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi Mbita, au Sori kule Migori. Tofauti ni lebo tu, bana.

Orodha yangu ni hii: ngege aliyetoka majini leo, kisha obambla ya maziwa, kisha mbuta wa moshi. Omena ni ya kila siku. Mkebe ni wa safarini.

Na si suala la ulimi pekee. Minofu ya mbuta husafirishwa Ulaya, sisi tunauziwa mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki kiwandani. Omena tunayoidharau inasagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku anakula kichwa, mifupa na kalsiamu yote, kisha tunamnunua yeye kwa bei ghali. Nani mjanja hapo?

Ndiyo, omena iliyoanikwa chini ina mchanga, na mvua ikinyesha mama wa ufukweni anapoteza mzigo. Basi tudai meza za kuanikia, na tumlipe zaidi anayeanika vizuri. Kukimbilia mkebe hakumsaidii.

Ioshe kwa maji moto, ikaange, tia kitunguu na nyanya. Ugali uwe tayari.