Bingwa wa Usukani Aliyelemewa na Timu

Mabaharia wa pwani yetu wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa: nahodha hodari aweza kulivusha jahazi katika kusi kali, na siku akinunua jahazi lake mwenyewe asiweze kulitunza. Mwenye chombo hashiki usukani. Yake ni tanga, kalafati, posho za mabaharia na deni la muuza mbao.

Tumelikumbuka hilo kwa sababu ya ubishi usiokwisha baina ya wapenzi wa mbio za magari juu ya Mfaransa Alain Prost. Wapo wasemao kwamba kiburi ndicho kilichomwangusha. Sisi hatukubali.

Prost alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mara nne, 1985, 1986, 1989 na 1993, akashinda mbio 51. Aliitwa Profesa, kwani hakuwa mtu wa papara. Wenzake wakilikamia gari tangu mzunguko wa kwanza, yeye huyatunza magurudumu, huyapima mafuta, na mwisho wa mbio ukamwona yuko mbele. Lakini natuangalie vyema: magurudumu hayo na mafuta hayo aliletewa. Ujuzi wake ulikuwa kutumia kwa busara alichopewa. Kwenda kukitafuta ni kazi nyingine kabisa.

Mwanzoni mwa 1997 aliinunua timu ya Ligier, iliyoanzishwa na Guy Ligier, naye vilevile dereva wa zamani, akaipa jina lake. Mwanzo ulikuwa wa heri: Olivier Panis alitoka wa tatu Brazil na wa pili Hispania, kabla ya kuvunjika miguu huko Kanada. Basi Wafaransa wakamtwika bendera ya taifa. Injini ziwe za Peugeot, fedha zitoke kwa sigara za Gauloises, karakana ihamie karibu na Paris. 1998 timu ilipata pointi moja tu. 2000 haikupata hata hiyo moja. Peugeot wakaondoka zao, na fedha za sigara zikakatika.

2001 akageukia injini za Ferrari, ambazo hazipatikani kwa maneno matamu. Mwaka huohuo, katika mbio za Ubelgiji, Michael Schumacher aliivunja ile rekodi yake ya ushindi 51, tena akiwa ndani ya gari la Ferrari! Novemba timu ikawa chini ya usimamizi wa mahakama, na Januari 2002 ikafilisiwa. Mafundi wakabaki bila kazi, nao ndio tunaowaonea uchungu kuliko bingwa mwenyewe, maana yeye jina lake lilikwisha andikwa.

Atakayesema kwamba dereva hawezi kumiliki timu, na amtazame Jack Brabham wa Australia. 1966 alitwaa ubingwa wa dunia katika gari lenye jina lake mwenyewe, na hadi leo hajatokea mwingine. Lakini Brabham alianza na kidogo, na ubavuni mwake alikuwapo Ron Tauranac, mhandisi aliyeyasanifu magari yao. Prost aliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa, na funguo zikabaki kwa wadhamini. Hapo ndipo tunapoiona kasoro, wala si katika kiburi.

Prost mwenyewe alikuja kutupa ushahidi. Mashindano ya magari ya umeme, Formula E, yalipoanza 2014, aliingia kwa ubia na Jean-Paul Driot, Mfaransa mwenzake aliyekuwa ameendesha timu ya mbio tangu 1988. Timu yao, ikiungwa mkono na Renault, ilitwaa ubingwa wa timu misimu mitatu ya mwanzo, mfululizo. Mmoja wa madereva wake alikuwa Nicolas, mwanawe Prost.