Askari na Aseme Alichokiona

Barabara ya Taifa Namba 3 itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mwendo wa zaidi ya kilomita 70, huandama ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kulia ni maji, kushoto ni vilima, na kadiri msafiri aikaribiavyo Rumonge ndivyo michikichi inavyozidi. Hapo ndipo, katika safari yangu ya hivi karibuni, ndege mkubwa mwenye rangi nyeupe na nyeusi alipokatiza mbele ya basi na kutokomea mashambani. Tulimwona kwa muda wa pumzi mbili tatu tu.

"Furukombe!" alisema jirani yangu bila kusita. Nami nikakubali, kwani tai huyu mla samaki si mgeni ziwani. Baadaye nikajiuliza: je, tuliona nini hasa?

Furukombe ana kichwa, kifua na mkia mweupe, na tumbo la rangi ya hudhurungi. Lakini yuko ndege mwingine awezaye kudhaniwa kuwa ndiye, naye ni tumbusi wa michikichi. Huyu, kinyume cha jamaa zake walao mizoga, hupenda zaidi nyama ya tunda la mchikichi. Tumbo lake ni jeupe, na mkia wake ni mweusi wenye ncha nyeupe. Basi, tumbo na mkia ndivyo vingetoa hukumu, na hakuna kati yetu aliyevitazama. Jina tulilolitaja tulipewa na ziwa, si na ndege.

Wajuzi wa ndege wana desturi njema. Kabla ya kutaja jina huandika ukubwa, rangi na mahali ilipo mwilini, namna ya kuruka, saa, mwanga na umbali. Wasipokuwa na hakika huandika: "hakutambuliwa."

Ndugu askari na polisi, kazi yenu ni kutazama kwa dakika chache na kutoa taarifa itakayodumu miaka. Taarifa isemayo "mwizi alikimbia" ni hukumu iliyotangulia kesi. Isemayo "mtu mrefu, shati la buluu, alikimbia kuelekea sokoni saa mbili usiku, mwanga hafifu" ni ushahidi, na hakimu anaweza kuupima.

Mwambao huu wajua gharama ya kutanguliza jina. Mwezi Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua raia. Kisha jeshi likaua watu wengi mno nchi nzima, wengi wao wakichukuliwa kwa ajili ya kabila lao au kwa kutajwa katika orodha, wala si kwa tendo lililothibitishwa. Waliokufa hivyo hawakupata nafasi ya kutazamwa mara ya pili.

Wako watakaosema kwamba askari hana wasaa wa kusitasita. Ni kweli, hatari hudai uamuzi wa haraka. Lakini kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa hakuhitaji saa nzima. Kwahitaji mazoea, na mazoea hupatikana kwa kujizoeza hata katika mambo madogo yasiyo na hatari, kama ndege wa njiani.

Mimi ndege wangu nimekwisha kumwandika daftarini: mkubwa, mweupe na mweusi, karibu na Rumonge, hakutambuliwa. Sioni aibu. Aibu ingekuwa kumwapia.