Udongo wa Nyiragongo unaungua pamoja na makala

Gunia la makala linaposhushwa kwenye soko la Virunga ao kwenye bandari ndogo ya Kituku, mjini Goma, mnunuzi anauliza mambo mawili tu: bei ni ngapi, na makala ni ya mti mgumu ao ya mti mwepesi. Hakuna anayeuliza udongo ulioshikwa na mti ule umebaki katika hali gani. Hilo ndilo swali ambalo jimbo la Kivu Kaskazini limeliweka pembeni kwa miaka mingi, na kila mwaka jibu lake linakuwa la gharama zaidi.

Kuna wazo lililozoeleka Goma, Kibati, Kibumba hadi Rutshuru: kwamba ardhi ya volkano ni tajiri na haichoki. Tupa mbegu hata katikati ya mawe, itaota. Wazo hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya watu. Ardhi ya miteremko ya Nyiragongo inazaa vizuri kweli. Lakini nguvu yake haikutoka kwenye volkano peke yake. Ilitengenezwa na volkano pamoja na msitu, kwa muda mrefu, na ukiondoa msitu unaondoa nusu ya mtengenezaji.

Lava inajulikana na kila mkaaji wa Goma. Ilishuka mwaka 1977, ikaingia katikati ya mji mwaka 2002, ikarudi tena tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 na kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Ikipoa inakuwa jiwe jeusi ambalo jembe haliwezi kulifanya lolote. Lakini volkano hutoa pia majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu mengi. Vitu hivyo vikianguka kwenye mteremko huoza haraka kuliko mwamba mgumu, sababu ni laini na mvua inaviingia kwa urahisi. Ndipo unazaliwa udongo wa pekee, ambao wataalamu wanauita andosoli, jina lililotoka kwenye lugha ya Kijapani na lenye maana ya udongo mweusi. Aina hiyo haifiki hata asilimia 1 ya nchi kavu yote ya dunia.

Mkulima wa Kibumba hahitaji kitabu ili aujue. Ukiushika mkononi ni mwepesi kuliko udongo mwingine: lita moja ya udongo huo ukiwa mkavu haifiki kilo 1, wakati udongo wa kawaida unapita kilo 1. Ukiuminya ukiwa na maji unateleza kama sabuni. Ni mweusi sababu umejaa majani, mizizi na wadudu waliooza, na chembechembe zake zinashika uozo huo kwa nguvu usipotee haraka. Ndani yake mna matundu madogo yasiyohesabika, ndiyo maana unashika maji kama sponji na kuyaachilia polepole. Viazi vya kizungu, maharagi, karoti na mashu yanayojaza masoko ya Goma yanakunywa kwenye sponji hilo.

Udongo huo una ubaya wake pia. Chembechembe zinazoshika uozo zinashika vilevile fosfori, chakula ambacho mmea unahitaji ili uwe na mizizi mizuri na mbegu. Fosfori inakuwepo shambani lakini mmea hauipati. Mtu anaweza kumwaga mbolea ya dukani na kuona faida kidogo tu, sehemu kubwa ikiwa imefungwa na udongo. Samadi na majani yaliyooza ndiyo yanayosaidia kufungua kufuli hiyo. Msitu ulikuwa unafanya kazi hiyo bure, kila siku jani linapoanguka.

Halafu kuna mawe. Kwenye miteremko hiyo udongo hauko kama mkeka mzito uliotandikwa sawasawa. Uko kati ya mawe, ndani ya nyufa, mahali pengine kiganja kimoja, mahali pengine hadi goti. Shamba ambalo nusu yake ni mawe lina nusu tu ya udongo, hata kama karatasi ya kiwanja inasema ni hekta nzima. Chini yake kuna lava yenye mianya. Ndiyo sababu kati ya Goma na Kibumba msafiri havuki mto hata mmoja: mvua ni nyingi, lakini maji yanazama. Wamama wa teritwari ya Nyiragongo wanaotembea na bidoni mgongoni wanalipa gharama hiyo kila asubuhi, na mji wenyewe unapandisha maji kutoka ziwa Kivu. Katika nchi ambayo maji hayakai juu ya ardhi, tabaka hilo jembamba jeusi ndilo tanki pekee ambalo mimea inalo.

Sasa mti unakatwa. Kwanza, majani hayaanguki tena, na udongo hauletewi chakula. Pili, jua linapiga moja kwa moja. Udongo wa majivu ukikauka kabisa haurudii hali yake ya kwanza: sponji inavunjika, inakuwa vumbi, na maji ya mvua yanapita juu yake badala ya kuingia. Tatu, mizizi iliyokuwa inaufunga kati ya mawe inaoza. Mvua kubwa ya kwanza inaubeba mwingine kuelekea chini, na mwingine unazama kwenye nyufa za lava, mahali ambapo hakuna jembe litakaloufikia. Kinachobaki juu ni mawe.

Tanuru ya makala inaongeza dhambi juu ya dhambi. Ili miti iungue polepole bila kuwa majivu, wachomaji wanaifunika kwa majani na udongo. Udongo gani? Ule wa juu, mweusi, mwepesi, unaochimbika kwa urahisi. Yaani ule ulio bora. Unaparuzwa pembeni ya tanuru, unapikwa siku nyingi, na uozo uliomo unaungua. Kwa hiyo gunia linaloshuka Goma halikubeba mti peke yake.

Wengine watasema msitu unarudi wenyewe. Unarudi, lakini si kwa saa ya mwanadamu mwenye njaa. Kwenye lava ya Nyamulagira mimea ya kwanza ni ile ya kijivu inayoshikamana na jiwe kama ukoga, halafu inafuata mimea ya nyufani, halafu vichaka. Lava iliyotoka miaka ya 1938 hadi 1940 na kufika ziwani karibu na Sake imepita miaka zaidi ya 80. Mimea imeishika, lakini mawe bado ndiyo yanayotawala pale. Mtu anayepoteza udongo wa mteremko leo anamwachia mjukuu wa mjukuu wake kazi ya kuungojea.

Historia imekwisha kutoa onyo mara zaidi ya moja. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kibumba, Mugunga na Katale, maji ya Kibumba yalipaswa kuletwa na malori, na kuchimba vyoo ao makaburi kwenye mawe yale kulikuwa shida kubwa. Kipindupindu na kuhara viliua makumi ya maelfu ya watu. Miti ya mbuga ya Virunga ilikatwa kwa ajili ya kupika, na mwaka huohuo mbuga iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kuanzia 2022, vita vilipowasukuma watu wa Rutshuru na Nyiragongo hadi Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, shoka zilirudi tena msituni. Ng'ambo ya mpaka, kwenye udongo uliozaliwa na milima ileile, Rwanda ilitoa sehemu kubwa ya msitu wa volkano mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kulima pareto. Leo maji yanayoshuka kutoka milimani kuelekea Musanze yanabomoa mashamba na barabara, na nchi hiyo inatumia pesa nyingi kuyazuia.

Lakini kumlaumu mchomaji wa makala peke yake ni uvivu wa mawazo. Mama aliyekimbia kijiji chake bila sufuria hawezi kuambiwa ale maharagi mabichi ili kulinda uozo wa majani. Kijana asiye na kazi haogopi kufungwa kama anavyoogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Na mkulima wa Kibumba ao Rugari ana malalamiko ya zamani kuhusu mipaka ya mbuga, iliyoanzishwa na wakoloni wa Ubeljiji mwaka 1925 bila babu zake kuombwa ruhusa. Watu hao wana haki ya kusikilizwa. Tena, pesa kubwa ya makala haibaki kwao. Inabaki kwa wenye silaha wanaokata ushuru njiani na kwa wafanyabiashara wenye malori.

Hata hivyo, haki ya mkulima juu ya ardhi haina maana kama ardhi yenyewe imeondoka. Akipewa kesho mteremko wote hadi juu, akaufyeka, atavuna vizuri misimu michache, halafu atabaki na mawe yenye karatasi halali. Ukweli huo unapaswa kusemwa wazi kwenye kila mkutano unaozungumzia mipaka ya mbuga, na viongozi wa kimila, watu wa ICCN na watawala, wawe nani, waujibu.

Yako mambo yanayowezekana bila kungoja amani kamili. La kwanza ni kupunguza njaa ya mji kwa makala. Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, ulionyesha kwamba wakulima wanaweza kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, nje ya mbuga. Kituo cha umeme cha Matebe, Rutshuru, kinachotoa megawati 13 hivi, kinaleta mwanga Goma. Lakini jamaa nyingi zinawasha balbu kwa umeme na kupika kwa mbabula. Bei ya kuunganishwa na bei ya jiko la umeme ndizo zinazoamua hatima ya msitu. Anayepanga bei hizo ajue kwamba anapanga pia maisha ya udongo.

La pili ni kurudisha chakula cha udongo. Kila siku malori yanashuka na mashu na viazi, na yanapanda yakiwa karibu matupu. Takataka za masoko ya Goma zinaozea kwenye mitaro ao zinaishia ziwani, wakati mashamba yanazilia. Mji ungezitenga, zikaozeshwa vizuri, malori yaleyale yangeweza kuzipandisha. Hiyo ni fosfori, na ni sponji mpya.

La tatu ni kuyaheshimu mawe. Kuyatoa yote shambani na kuyauza kwa wajenzi kunaleta franka za haraka, lakini kunaacha mteremko uchi. Mawe yakipangwa mistari kwa kukata mteremko, na majani ya ng'ombe ao miti kama grevilea ikapandwa pembeni yake, yanasimamisha udongo. Wazee wengi wanafanya hivyo tangu zamani. Wanafunzi wa kilimo wa UNIGOM wangefaidika kuwafuata shambani, wapime, na kuwafundisha wengine.

Goma ni mji uliojifunza kulitazama juu ya mlima kila usiku, ili kuona kama mwanga mwekundu umeongezeka. Tabia hiyo imeokoa watu. Inafaa sasa mji ujifunze kutazama pia kiuno cha mlima, pale ambapo kijani kinageuka madoa ya kahawia. Lava ikishuka, watu wanakimbia na kurudi kujenga. Udongo ukishuka hakuna king'ora kinacholia, na hakuna anayeweza kuujenga upya kwa mawe.